Dawa na Mionzi: Kumbukumbu za Muuguzi wa Kilwa

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliimaliza Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mahali ambapo Wadachi walijenga hospitali yao mwishoni mwa karne ya 19, na ambapo wagonjwa wa pwani yetu ya Lindi hupelekwa kutibiwa kwa mionzi.

Aghalabu waliotoka kwetu walikuwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Nao, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, walivuka Rufiji kwa pantoni, wakafika taabani, damu imewapungua.

Hapo awali tegemeo letu lilikuwa mionzi ya kobalti peke yake. Lakini mwaka 1999, tafiti zilipodhihirisha huko Marekani kwamba apewaye dawa ya sisiplatini sambamba na mionzi huishi zaidi kuliko apewaye mionzi tu, tiba ilibadilika ulimwenguni, na kwetu kadhalika kwa kadiri dawa zilivyopatikana.

"Mwanangu, kwani mashine haitoshi?" aliniuliza bibi mmoja wa Kilwa Kisiwani.

"Bibi," nikamjibu, "mionzi huzichana chembe za maradhi kama papa achanavyo jarife, nazo hujishona upya; dawa huzuia kujishona huko, tena hupita katika damu ikizisaka zilizotorokea mbali."

Siku ya dawa, mara moja kwa juma, nilihakikisha kwanza majibu ya damu na figo, kwani sisiplatini huzidhuru figo. Kisha nikatundika dripu ya maji kabla ya dawa na baada yake, nikapima mkojo, na kichefuchefu kilipomshika mgonjwa nikamshikia beseni.

Lililonihuzunisha kupita yote ni tiba kukatizwa. Mionzi na dawa yapasa vikamilike ndani ya majuma 8, ilhali wengine walirejea nyumbani kwa kukosa nauli na malazi, na maradhi yakapata fursa ya kuenea.

Basi, enyi jamaa zangu wa Kilwa na Lindi, wapelekeni mama zenu zahanati wapimwe mlango wa kizazi kwa siki kabla hawajaumwa, wapelekeni mabinti wakachanjwe dhidi ya saratani hiyo, na aliyekwisha kuanza tiba mchangieni nauli na chakula hadi aimalize, kwani tiba iliyoachwa katikati haimwokoi mtu.