Machimbo ya Mawe: Ahadi Inayoweza Kupimwa

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Kila ninapofundisha methali hii, wanafunzi wangu huipinga. Wao ni watoto wa wilaya ya Mukono, hapa Uganda, ambako vilima hupasuliwa ili mji wa Kampala upate kokoto. Wanajua kwamba shimo la mawe linapojaa maji ya mvua, aliyelichimba huwa amekwisha kuondoka. Anayetumbukia ni mtoto wa jirani.

Hata hivyo, sidai machimbo yafungwe. Zege la madarasa yetu limetokana na kokoto hizo hizo, na wapo wanafunzi ambao karo yao hulipwa na mama anayeshinda juani akigonga mawe kwa nyundo. Ninalouliza ni hili: shimo hilo litakuwa nini mawe yakiisha, na ni nani aliyelijibu swali hilo kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa?

Mwaka jana kijijini kwetu palifanyika mkutano kuhusu machimbo mapya. Mjumbe wa mwekezaji alizungumza kwa kirefu juu ya ajira na barabara. Mzee mmoja alipomuuliza kuhusu hali ya ardhi baadaye, alijibu, "Tutapanda miti." Watu wakapiga makofi. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilibaki nikiichambua sentensi hiyo. Kitenzi kimo katika wakati ujao, na nafsi ni ya kwanza wingi. Lakini itapandwa lini? Upande gani? Katika udongo upi? Ahadi isiyo na muda wala mahali haivunjiki, kwa sababu haipimiki.

Mpango mzuri wa machimbo huligawa eneo katika awamu. Tuseme kilima kimegawanywa sehemu nne. Kabla ya kuipasua sehemu ya kwanza, udongo wa juu huondolewa na kurundikwa peke yake, usichanganyike na vifusi. Huo ndio udongo wenye mboji, mbegu na vijidudu. Rundo lake hupandwa nyasi ili mvua isilichukue. Kisha mwamba hukatwa kwa ngazi kutoka juu kushuka chini, badala ya kuutoboa chini hadi ukuta uwaning'inie wafanyakazi vichwani. Maji ya mvua huelekezwa kwa mitaro hadi kwenye bwawa la kutuliza tope, yasije yakamwagika katika mashamba ya watu.

Mashine zikiingia sehemu ya pili, sehemu ya kwanza huanza kurejeshwa. Vifusi hutumika kujazia mashimo, kingo kali hulazwa, na udongo wa juu unaotolewa sehemu ya pili hupelekwa moja kwa moja kutandazwa katika ile ya kwanza, kisha miche ikapandwa. Kwa njia hiyo, kilima hakiachwi wazi chote kwa wakati mmoja.

Awamu hizi zina manufaa kwa raia pia, si kwa mhandisi pekee. Anayeahidi kurejesha ardhi yote mwishoni anatuomba tumwamini mpaka siku ambayo faida imekwisha kugawanywa na mashine zimehamia wilaya nyingine. Anayerejesha kwa awamu anatupa kitu cha kukagua. Tunaweza kwenda wenyewe kutazama kama miche ya sehemu ya kwanza imeshika. Kama haikushika, tuna sababu ya kutaka sehemu ya tatu isifunguliwe. Wakati huo mwekezaji bado anayahitaji mawe, kwa hiyo bado ana sababu ya kutusikiliza.

Tutazame nchi jirani ya Kenya. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuyahuisha machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Mawe yalikuwa yamechimbwa hapo tangu miaka ya 1950, na sakafu iliyobaki ilikuwa mwamba wa matumbawe usio na udongo. Alijaribu aina 26 za miti, zikastahimili 3 tu, mmojawapo ukiwa mvinje. Hata majani makavu ya mvinje hayakuoza upesi, mpaka walipoletwa jongoo wakayala. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Leo mahali hapo, panapoitwa Haller Park, pana msitu, mabwawa, twiga na viboko.

Watu wengi huitaja Bamburi kuthibitisha kwamba shimo lolote linaweza kupona. Mimi naona inatufundisha pia gharama ya kuanza bila udongo. Si kila kijiji kitakachobahatika kupata kiwanda kinachobaki hapo kwa miongo, pamoja na mtu mwenye subira ya kutegemea jongoo.

Katiba ya Uganda, katika ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Ibara ya 17 inamwekea raia wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Kwa hiyo anayesimama mkutanoni na kuuliza hafanyi utovu wa adabu wala hapingi maendeleo. Anatekeleza wajibu wake.

Basi, mwanafunzi wangu, uulize nini? Uliza udongo wa juu utawekwa wapi. Uliza eneo limegawanywa katika awamu ngapi, na ni kazi gani lazima ikamilike kabla ya awamu inayofuata kuanza. Uliza maji ya mvua yataelekea wapi, na nani atayazungushia uzio mashimo yenye maji. Uliza pia ni fedha gani zimewekwa dhamana, ili kazi ya kurejesha ardhi iendelee hata mwekezaji akifilisika. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mkutano wa pili kijijini kwetu bado haujaitishwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamekwisha kuyaandika maswali yao, nami nimesahihisha sarufi tu. Mengine yote nimeyaacha kama walivyoyaandika.