Sindano Iliyotoka Kavu



Ndugu wasomaji, jamaa na majirani wametuuliza mara nyingi juu ya maradhi yaliyompata mzee wetu, na kila mara tumejibu kwa ufupi kuwa ni "damu". Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfai anayeuliza. Leo, kwa idhini yake mwenyewe, tunaandika sisi wanawe wanne pamoja na mama yetu, ili familia nyingine isichelewe kama tulivyochelewa sisi.

Baba ni fundi wa kofia za viua. Tangu utoto wetu tumemwona akiketi barazani baada ya Alasiri, kitambaa cheupe magotini, akizungushia uzi vitundu vidogo kimoja baada ya kingine. Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani, mama aliona matone ya damu katika kofia mbili zilizokuwa tayari kwa mwenyewe. Baba alisema macho yamechoka na sindano imemdunga. Tukamnunulia miwani mipya. Hatukujiuliza kwa nini tundu la sindano liendelee kutoa damu hata ikambidi afunge kidole kwa kitambaa.

Ramadhani ilipoingia, tulimwona akifuturu kwa tende tatu na nusu kikombe cha uji, kisha akisukuma sahani na kusema ameshiba. Mama, aliyempikia mbaazi na mahamri miaka yote, alidhani mkono wake umeharibika. Kufika kumi la mwisho, Baba alikuwa akiswali tarawehe ameketi. Homa ilimjia na kuondoka. Katika zahanati iliyo karibu nasi alipewa dawa za malaria mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hakupimwa damu. Nyumbani tulimpa asali na habasoda, tukamsomea ruqya. Dua hatuijutii hata kidogo. Tunachojutia ni kuifanya dua kuwa sababu ya kungoja, ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba huku tukitawakali.

Baada ya Idi, dada yetu mdogo alipokuwa akimkanda Baba ubavuni, mkono wake ulipita juu ya kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto. Khalati akasema, "Hilo ni wengu. Watoto wa zamani wa pwani wote walikuwa nalo, ni malaria ya utotoni." Lakini Baba ana miaka 58, na wengu hilo lilikuwa limeshuka hadi karibu na kitovu. Ndilo lililokuwa likilibana tumbo lake asiweze kula. Siku ya pili tulimpeleka hospitali kubwa.

Huko alitolewa damu ya kipimo kamili, kipimo ambacho kingeweza kufanywa miezi mitatu nyuma. Hemoglobini ilikuwa 8. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, zilikuwa 41,000, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo kuanzia 150,000. Hapo ndipo tulipofahamu habari ya matone yale juu ya kofia. Chembe nyeupe zilikuwa 1,900, chini ya nusu ya kiwango cha kawaida, na aina yake moja iitwayo monositi ilikuwa karibu haipo kabisa.

Daktari aliuliza kama Baba amewahi kuishi Wajir au Garissa, kwa kuwa kala-azar nayo hukuza wengu na kupunguza damu. Kipimo chake kikaonyesha hana. Akapimwa malaria, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, navyo havikuonekana. Daktari alipotaja kwa mara ya kwanza uwezekano wa saratani ya damu, kaka yetu mkubwa alibisha kwa heshima: "Daktari, saratani ya damu si huwa na chembe nyeupe nyingi kupita kiasi? Baba hana hata za kutosha." Daktari hakukasirika. Alisema ipo aina ambayo seli zake nyingi hujificha ndani ya uboho na katika wengu, na katika damu huonekana chache tu. Kwa hiyo haitoshi mashine kuhesabu. Lazima mtu atazame.

Aliyetazama alikuwa kijana wa maabara ambaye mpaka leo hatujabahatika kumshukuru ana kwa ana. Alipaka tone la damu juu ya kioo, akalitia rangi, akakaa nalo kwenye hadubini kwa muda mrefu. Katika mamia ya seli alipata chache ambazo kingo zake hazikuwa laini. Zilikuwa na vijinyuzi vyembamba pande zote. Siku nyingine daktari alimwonyesha Baba picha ya seli hizo. Baba aliinama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mbona pindo lake limefumuka?" Daktari akacheka, akamwambia, "Mzee wangu, umesema vizuri kuliko vitabu vyetu." Ni kwa sababu ya vijinyuzi hivyo maradhi haya yakaitwa saratani ya damu ya seli zenye nywele.

Ili kuthibitisha, ilibidi uboho utazamwe. Baba alilazwa ubavu, akatiwa ganzi, sindano ikaingizwa katika mfupa wa nyonga kwa nyuma. Daktari alivuta, hakikutoka kitu. Akavuta mahali pengine, sindano ikatoka kavu. Kaka yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje na kutuambia kuwa daktari yule hajui kazi na kwamba tumtafute mwingine Nairobi. Sote tulimuunga mkono. Tunaliandika hili kwa sababu tulimdhulumu mtu kwa dhana, na baadaye tulimwendea kumtaka radhi.

Alitueleza kwa upole kuwa ukavu ule nao ulikuwa jibu. Katika maradhi haya, uboho hujaa nyuzi laini ziitwazo retikulini, nazo huzishika seli pamoja hata zisivutike kwa sindano. Ndiyo maana alikata kipande cha mfupa wenyewe, chembamba kama kijiti cha kiberiti. Kipande hicho huondolewa chokaa kwanza ili kilainike, kisha hukatwa vipande vyembamba sana na kutiwa rangi. Siku zile za kungoja, ambazo kwetu zilikuwa kama uzembe, zilikuwa ni siku za kazi.

Jibu la mfupa lilisema kuwa seli zimekaa mbalimbali, kila moja ikiwa na kiini katikati na uwazi mweupe pembeni. Madaktari hulifananisha umbo hilo na yai la kukaanga, na mama alikuwa wa kwanza kulifahamu. Seli nyingine zilipitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza ili kusoma alama zilizo juu ya ngozi zake. Zilikutwa na alama nne ambazo zikikusanyika pamoja huelekeza kwenye maradhi haya: CD11c, CD25, CD103 na CD123. Tuliuliza kwa nini kujisumbua na majina yote hayo wakati saratani ni saratani. Tukaambiwa kuna maradhi ndugu, yanayofanana nayo kwa sura ya seli na ukubwa wa wengu, ambayo aghalabu hayana CD25 wala CD123, na ambayo hayaitikii vizuri dawa ileile. Kukosea jina kungekuwa kukosea dawa.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha jeni iitwayo BRAF. Mwaka 2011 watafiti wa Perugia, Italia, waligundua kuwa karibu kila mgonjwa wa aina hii ana badiliko moja katika jeni hiyo, liitwalo V600E. Baba alikuwa nalo. Habari hiyo ilituletea hofu ya namna nyingine, kwani dada yetu alikuwa ameposwa, na minong'ono ya kuwa "nyumba ile ina saratani" ilikwisha kufika upande wa pili. Daktari alitufafanulia kuwa badiliko hili hutokea ndani ya seli katika maisha ya mtu. Hakulirithi kwa wazazi wake, wala hakuturithisha sisi. Wala maradhi haya hayaambukizi kwa kula sahani moja. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kuwa wazee wa upande wa pili walisikiliza maelezo hayo, na nikaha ilifungwa.

Tulipojua haya, tulisoma kidogo. Maradhi haya ni nadra, na huwapata wanaume takriban wanne kwa kila mwanamke mmoja, wengi wao wakiwa wa makamo. Aliyeyapambanua waziwazi mwaka 1958 alikuwa daktari mwanamke, Bertha Bouroncle, mzaliwa wa Peru aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Jina la seli zenye nywele lilikuja mwaka 1966. Dada zetu wanaosoma sayansi na walikumbuke jina la mama huyo.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko vipimo vyote: kumwambia Baba. Kaka yetu alimwomba daktari aseme ni upungufu wa damu tu. Sisi wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ni kukubali. Usiku ule Baba alituita sote chumbani. Alisema, "Wanangu, nina amana za watu. Kuna kofia sita nimepokea malipo ya mbele na sijazimaliza. Kuna deni la Ami yenu. Sijaandika wasia. Mkinificha maradhi yangu, mtakuwa mmenihurumia mimi na kuwadhulumu wao." Mama alikuwa wa kwanza kulia, kisha ni yeye aliyemwambia jina la maradhi. Baba alilirudia polepole, akaomba kalamu.

Dawa yake, kladribini, hutolewa kwa siku chache tu, lakini ilichukua wiki kadhaa kupatikana, na Ami na jamaa wote walichanga. Wiki zilizofuata ndizo tulizoogopa zaidi, kwa kuwa kinga ya mwili hushuka kabla ya kupanda. Hatukupokea wageni, na wengine walikasirika. Tunawaomba watusamehe, na mgonjwa wa namna hiyo akiwa kwao, nao wafunge mlango.

Alhamdulillahi, wengu limerudi chini ya mbavu na chembe sahani zimepita 150,000. Tumeambiwa ukweli kuwa maradhi haya yanaweza kulala miaka mingi kisha yakarudi, hivyo Baba hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu, naye hataki akumbushwe.

Tunawanasihi wasomaji wetu kwa haya machache. Mzee akishiba kwa matonge mawili, akichubuka ovyo, akirudiwa na homa, asipewe dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Ombeni kipimo kamili cha damu. Aina zote tatu za chembe zikiwa chini, ulizeni kama kuna mtu aliyeitazama damu hiyo kwa hadubini. Na mgonjwa mwenye akili yake timamu msimfiche habari ya mwili wake.

Zile kofia sita zilimalizika mwezi wa Rajabu. Zile mbili zenye matone ya damu mama alizifua kwa limau na chumvi, na doa la moja halikutoka. Baba alikataa kuiuza. Huivaa mwenyewe kwa swala ya Ijumaa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.