POINTI MOJA TU



Kuna watu wanaosema kwamba mpira ni mchezo tu, ukiisha kila mtu arudi kwake akalale. Wanaosema vile hawajapenda timu bado. Sisi tuliosimama kandokando ya kiwanja siku ya posho iliyopita, tukaona mabinti zetu wa basketi wakishindwa 28 kwa 27, tunajua kwamba mchezo unaweza kumfuata mtu mpaka nyumbani. Mimi ile mangaribi sombe ilibakia mu sahani. Mama aliniuliza kama niko mgonjwa. Nilimjibu: «Hapana mama, ni pointi moja tu.»

Wale ambao hawakufika wajue namna ilivyokuwa. Kiwanja chetu ni cha udongo, na mvua ya Shabunda ilikuwa imenyesha usiku kucha, basi mpira ulikataa kuruka vizuri. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi 8. Kipindi cha pili mabinti walifufuka. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa nne, ambaye sitataja jina lake, alitia pointi 11 peke yake. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Halafu, sekunde chache mbele ya mwisho, alisukumwa chini ya kikapu, na mwamuzi akampa mitupo miwili ya bure. Sisi 27, wao 28. Watu wote kimya, hata watoto waliopanda juu ya miti. Mtupo wa kwanza ulizunguka chuma, ukatoka. Wa pili haukufika. Filimbi ikalia.

Kuumia si vibaya. Anayeumia ni kwa sababu anapenda. Lakini tangu juma hili lianze, karatasi moja inapita mu madarasa, watu wanaandika majina yao, wakiomba yule binti aondolewe katika timu. Mwishoni waliniletea mimi, ili niipeleke kwa Bwana Prefe. Na yeye mwenyewe alikuja kuniona, nguo ya timu amekwisha kuikunja, akasema: «Yaya, miye siendi tena mu ile kiwanja. Banasema ni miye niliangusha masomo.»

Ndugu zangu, tuhesabu pamoja. Nilimwomba mwalimu wa michezo anionyeshe karatasi ya pointi. Katika mchezo mzima tulipewa mitupo ya bure 14. Iliyoingia ni 5. Tulipoteza 9, na katika hiyo 9, yake ni ile miwili tu ya mwisho. Ile 7 ingine ilipotea mbele, wakati tulikuwa tungali tunacheka na kupiga makofi. Nani anakumbuka ni nani aliyeipoteza? Hakuna. Lakini kila mmoja ilikuwa pointi kamili, sawasawa na ya mwisho. Tofauti ni kwamba wakati ule sisi hatukuwa na woga bado.

Na tusifikiri kwamba ni Shabunda peke yake. Kule Marekani kuna binti anaitwa Arike Ogunbowale, ambaye baba yake alizaliwa Nigeria. Alichezea Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mwaka 2018, katika siku tatu tu, alitia vikapu vya mwisho vya kushindisha timu yake mara mbili, mu nusu fainali na mu fainali, na chuo chao kikawa bingwa. Watu walimbeba kama malkia. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Aprili 2019, walirudi fainali kucheza na Baylor. Sekunde 1.9 zimebaki, wako nyuma pointi mbili, akapewa mitupo ya bure. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia. Baylor 82, Notre Dame 81. Na siku ile ile alikuwa ametia pointi 31! Bila yeye wangefika wapi? Hakuacha. Mwaka 2020 ndiye aliyetia pointi nyingi kupita wote katika WNBA, ligi kubwa ya wanawake kule.

Hata kwetu ni vile. Mabinti wa Zaire walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994. Walipofika michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, hawakushinda mchezo hata mmoja. Mmoja wao alikuwa Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa. Kama wangemfukuza na kumwambia kwamba ameaibisha inchi, nani angemwona akichukua ubingwa wa WNBA pamoja na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na tena 2002?

Kwa hiyo ile karatasi sitaipeleka kwa Bwana Prefe. Iko kwangu, wenye majina waje kuichukua. Mshabiki anayepiga kelele kwa pointi 11, halafu anamkimbia mtu kwa pointi moja, huyo hakuwa mshabiki wa timu, alikuwa mshabiki wa ushindi.

Nguo ya timu sikuipokea. Nilimwambia mdogo wetu arudi nayo, maana mchezo wa kurudishana ni posho ijayo, saa tisa. Kila jioni mwalimu anawazoeza mabinti wote mitupo ya bure, na wanaokota mipira wanatafutwa. Mwenye kuumia sana aje tuokote pamoja.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita