Pembea Zitakazokuja

Kuna hoteli moja kule juu, njia ya Nungwi, jina lake sitalitaja, ambayo kwa mujibu wa barza za Mkokotoni itapanuka mpaka kwetu. Yatachimbwa mabwawa yenye mitelezo mirefu ya maji. Itasimamishwa pembea ya duara ambayo ukifika juu yake unaiona Tumbatu yote. Kutakuwa na treni ya watoto na gati ya boti za kitalii. Kila barza ina ramani yake. Barza ya karibu na soko la samaki inasema ukuta utaishia kabla ya diko. Barza ya msikitini inasema diko lenyewe limo ndani.

Mimi ni mwandishi wa habari, basi nikija nyumbani naulizwa kana kwamba mchoro nimeutia mkobani: "Enhe, umesikia nini huko mjini?" Sijasikia kitu. Nimewauliza wanaopaswa kujua, nikaambiwa hakuna ombi lolote lililofika mezani. Nikirudi na jibu hilo ndiyo kwanza watu wanazidi kuamini. Kama hakuna kitu, wanaficha nini?

Siwacheki. Mkokotoni ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini watalii wanaishia Nungwi na Kendwa. Sisi tuna soko la samaki, ofisi za serikali, na mashua za kwenda Jongowe na Gomani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba, na sensa ya 2022 ilituhesabu wenyeji milioni 1.89. Watu wote hao lazima wawekwe pahala. Upande wa mashariki, Muyuni ya Matemwe, mradi wa Amber na uwanja wake wa gofu na majumba yake ya kifahari umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa 2021 serikali ikakodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia pembea inakuja Mkokotoni, kwa nini akatae?

Kinachonishughulisha ni kazi inayofanywa na maneno yenyewe, hata kabla halijafika katapila moja.

Walt Disney alipotaka ardhi ya bustani yake ya pili, huko Florida, alinunua kwa siri, kwa majina ya makampuni yasiyojulikana, ili wenye mashamba wasijue mnunuzi ni nani. Eka nyingi alizipata kwa chini ya dola 200. Oktoba 1965 gazeti la Orlando Sentinel likamtaja, na bei ya ardhi iliyobaki ikaruka. Kule tajiri aliziogopa tetesi kuliko kitu chochote, kwa sababu tetesi zilikuwa upande wa muuzaji.

Kwetu zimegeuka. Hapa tetesi zinamfanyia kazi mnunuzi, tena bure.

Sababu yake ni ardhi. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia tu. Marehemu babu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi. Eka hizo zinarithiwa, kuziuza haziuzwi. Ila kila mtu anajua jinsi zinavyouzwa: unaandikishana kwamba umeuza minazi, na chini ya minazi, subhanallah, huwa pana ardhi. Kwa hiyo mkulima wa hapa akisikia mradi mkubwa unakuja, hawazi kwamba atatajirika. Anachokiona ni maofisa wakipita kuhesabu vipando: minazi mingapi, miembe mingapi, nyumba ya udongo au ya matofali, saini hapa. Na dalali anaijua hofu hiyo kuliko mimi ninayeiandika. Anakuja jioni, anavua viatu, anakunywa chai, anasema kwa upole: "Mzee wangu, chukua hizi leo. Kesho ikipimwa, utapewa za minazi tu."

Ndivyo alivyoambiwa ami yangu. Alinipigia simu siku hiyohiyo, si kuomba ushauri. Alitaka nimthibitishie kwamba mradi upo, apate raha ya kuuza. Nikamwambia, ami, hakuna mradi. Akanyamaza kidogo. "Basi wewe hukuambiwa," akasema. "Kwani wao watamwambia mwandishi wa habari?"

Kwa fimbo hiyo nilikosa la kujibu. Shangazi ndiye aliyemjibu, na hakutaja mradi hata kidogo. Alimuuliza: yule dalali, kama anajua minazi itakuja kulipwa kiduchu, yeye anainunua ya nini?

Ami alikuwa ameshachukua arbuni. Imekwenda kwenye mashine ya boti, na mashine inafanya kazi, sina la kuikosoa. Samaki anaouza mnadani asubuhi ndio wanaotulisha sote pale nyumbani. Shangazi amekataa kutia saini upande wake, na bila saini za warithi wote dalali hana karatasi. Kwa hivyo shamba sasa lina mawe mawili meupe aliyoyapanda dalali kwenye pembe mbili. Pembe mbili zilizobaki hazina kitu. Kila nazi ikianguka, shangazi huifuata hukohuko kwenye mawe na kuiokota, huku anaimba kwa sauti wasikie walio njiani.

Wanawe, ambao mimi mwenyewe niliwapeleka mjini kwenye pembea za Kariakoo Sikukuu iliyopita, wao wana hoja nyingine kabisa. Wanataka kujua ikija hii ya kwetu, wenyeji watalipa kiingilio au watapita bure.