Usingizi wa Mchana wa Wazee

Usingizi wa mchana ni jambo ambalo vijana hulicheka na wazee hulipenda. Kijana akimwona mzee amelala jua likiwa utosini, huwaza mara moja kwamba uvivu umeingia nyumbani. Mimi nami niliwaza hivyo nilipokuwa na umri kama wako, msomaji. Wazo lile lilikuwa kosa langu la kwanza. Baadaye nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko lile, na kwa ajili yake nimeona vema kuandika insha hii, ili wewe usiyarudie yote mawili.

Nilikulia Bahati, kaskazini mashariki ya Nakuru, mahali ambapo ardhi huinuka kando ya mlima wa Menengai na baridi ya asubuhi hukata vidole. Babu yangu alikuwa na ng'ombe watatu, shamba la mahindi na viazi, na mparachichi mmoja mbele ya nyumba. Kila siku baada ya chakula cha mchana, yapata saa saba na nusu, alitandika gunia chini ya mti ule, akajifunika kofia usoni, akalala. Hakulala sana. Kabla kivuli cha mti hakijafika zizini alikuwa amekwisha amka, amenawa uso na ameshika jembe.

Likizo moja nilimwambia nyanya kwa sauti kubwa, nikikusudia babu asikie, kwamba mtu alalaye mchana ni mvivu. Nyanya hakunikemea. Alinijibu kwa swali: "Mjukuu wangu, leo ng'ombe walikamuliwa na nani?" Nilinyamaza. Ng'ombe walikamuliwa saa kumi alfajiri, mimi nikiwa nimejikunja chini ya mablanketi mawili. Mtu niliyemwita mvivu alikuwa amefanya kazi kwa muda wa saa tisa kabla hajafumba macho. Babu aliyasikia yote. Alipoamka alinipa jembe la pili, akacheka, wala hakulitaja neno lile tena.

Tangu siku hiyo nilitamani kujua kwa nini wazee hulala mchana, na nilipokuwa mtu mzima nilipata majibu vitabuni. Ndani ya ubongo wa mwanadamu imo saa ya maumbile ifuatayo mwanga wa jua. Saa hiyo humchangamsha mtu asubuhi, humlegeza kidogo baada ya adhuhuri, kisha humchangamsha tena jioni. Ulegevu wa adhuhuri humjia hata mtu ambaye hakula. Ugali huongeza tu uzito wa kope. Mtu azeekapo, saa hiyo husogea. Usingizi wa usiku humjia mapema, humwacha mapema, na katikati hukatika mara nyingi. Deni la usiku hulipwa mchana.

Jambo hili limechunguzwa katika Bonde la Ufa lenyewe. Ukilifuata bonde kutoka Nakuru kwenda kusini, ukavuka mpaka wa Tanzania, utafika kwenye Ziwa Eyasi. Huko wako Wahadza ambao wangali wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walitoa habari za watu wazima 33 wa kabila hilo waliovaa mkononi kifaa kidogo cha kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote ule, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati mwingine wote alikuwako mtu aliye macho, kwa sababu vijana walichelewa kulala na wazee waliwahi kuamka. Wachunguzi wale walifikiri kwamba hapo kale kuamka huku kwa wazee kulikuwa ulinzi wa kambi nzima. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka babu na taa yake ya mafuta zizini, sisi wengine tukikoroma.

Usingizi mfupi una faida nyingine pia. Mwaka 1994 shirika la NASA la Marekani lilitoa taarifa juu ya marubani wa safari ndefu walioruhusiwa kupumzika kwa zamu angani. Walilala kwa wastani wa dakika 26, na baada ya hapo walikuwa waangalifu kuliko wenzao ambao hawakulala. Mwaka 2023 wataalamu wa Uingereza na Uruguay waliona kwamba watu waliozaliwa na maumbile ya kupenda usingizi wa mchana walikuwa na ubongo mkubwa kidogo kuliko wengine, ingawa hawakuwazidi kwa wepesi wa kujibu mambo. Kwa hiyo babu, kwa nusu saa yake chini ya mparachichi, hakuwa akipoteza kitu.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Miaka ilipita, nikapata kazi mjini Nakuru, nikawa nafika Bahati siku za Jumamosi. Babu alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja. Gunia la chini ya mti liliacha nafasi yake kwa kiti chenye mito, na usingizi wake ukaanza kukua. Nusu saa ikawa saa moja, na saa moja ikawa alasiri nzima. Siku nyingine aliamka jua likitua, akauliza kwa nini uji wa asubuhi umechelewa. Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Kisha siku moja alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kwa njia aliyoipita miaka arobaini, akarudishwa nyumbani na kijana wa bodaboda aliyemkuta njia panda, ndoo mkononi, hajui aelekee wapi.

Sisi tulisema, "Ni uzee." Neno hilo ni fupi, nalo lilitupumzisha. Nitakiri zaidi ya hapo, msomaji. Tulifurahi alipolala. Mzee aliyelala haulizi swali lile lile mara tano, hapotei njiani, wala hahitaji mtu wa kukaa naye. Jumamosi moja nilimfunika blanketi saa nane mchana, nikaenda zangu kutazama mpira. Niliporudi magharibi nilimkuta vile vile nilivyomwacha, nikashukuru.

Nyanya ndiye aliyekata shauri kwamba apelekwe hospitali. Daktari alimpima damu, akamsikiliza moyo, akamwuliza jina la siku na la mwezi. Kisha alitugeukia sisi, akauliza, "Usingizi huu mrefu ulianza lini?" Tulikuwa watu watano mle chumbani, watoto na wajukuu wa mzee mmoja. Tulitazamana. Tungaliweza kumwambia ng'ombe alizaa mwezi gani, na mahindi yalitoka magunia mangapi mwaka jana na mwaka juzi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni lini babu alianza kulala alasiri nzima. Daktari alitueleza, kwa upole ambao hatukuustahili, kwamba ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekwisha mshika tangu zamani.

Baadaye nilifahamu kwa nini aliuliza swali lile. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa wazee 1,401 wa Chicago na sehemu za karibu, wenye umri wa wastani wa miaka 81, waliofuatwa kwa muda wa hadi miaka 14. Kila mwaka walivaa kwa siku chache kifaa kama saa ya mkononi kilichohesabu usingizi wao wa mchana. Wazee wenye akili timamu waliongeza usingizi huo kwa wastani wa dakika 11 kila mwaka. Wale walioanza kusahau waliongeza dakika 24. Wale waliokwisha kuonekana kuwa na ugonjwa wa Alzheimer waliongeza dakika 68 kila mwaka. Tena waliolala zaidi ya saa moja kwa siku walikuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 40.

Usikimbilie kusema kwamba usingizi ndio uletao ugonjwa, kwa maana uchunguzi ule haukuthibitisha hivyo. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba ugonjwa wa Alzheimer huharibu sehemu za ubongo zinazomweka mtu macho. Basi yawezekana usingizi ukawa mjumbe wa ugonjwa. Pengine mjumbe huyo hutumwa na bwana mwingine kabisa: kukatika pumzi usiku kwa mtu anayekoroma, upungufu wa damu, kisukari, dawa kali, au huzuni ya kufiwa. Mengi katika hayo yana tiba yakijulikana mapema. Dalili ya mvua ni mawingu. Si kila wingu huleta mvua, lakini mkulima wa Bahati hulitazama kila wingu.

Babu aliishi miaka mitatu baada ya siku ile. Tulimkalisha juani asubuhi, tukatembea naye hadi lango la shamba na kurudi. Nyanya alimwachia nusu saa yake ya mchana, kisha alimwamsha kwa kikombe cha chai kabla ya saa tisa. Usiku wake ulitulia kidogo, na alasiri zake zikawa na mazungumzo. Kumbukumbu zilizopotea hazikurudi. Jina langu alilisahau. Lakini kila siku saa kumi alfajiri alikuwa macho, na mkono wake ulipapasa kando ya kitanda kutafuta ndoo ya kukamulia.

Msomaji mpenzi, shule zitakapofungwa utarudi nyumbani, na huenda utamkuta mzee amelala chini ya mti. Usimcheke, kwa kuwa hujui usiku wake ulikuwaje. Mwache alale, lakini tazama saa anapolala na saa anapoamka. Kama likizo hii ni nusu saa na likizo ijayo ni saa tatu, waambie wazazi wako, wala usikubali kujibiwa kwamba ni uzee tu. Wewe uendaye shule na kurudi baada ya miezi mitatu waweza kuona badiliko ambalo watu wakaao naye kila siku hawalioni. Siku daktari atakapouliza, "Ulianza lini?" pawe na mtu mmoja chumbani mwenye jibu.