Wazazi wanapokwenda kujitolea kwa fedha zao

Mtumishi wa umma akifika miaka 60 hustaafu kwa lazima. Watoto hutarajia baba amalizie nyumba na mama akae na wajukuu. Lakini wapo wazazi wenye mpango mwingine: kulitumikia Kanisa mbali na nyumbani, bila mshahara, kwa gharama zao.

Jambo hilo si geni. Matendo ya Mitume sura ya 18 inawataja Akila na Prisila, mume na mke waliokuwa mafundi wa mahema. Paulo alikaa kwao Korintho, wakafanya kazi pamoja.

Lindi nayo ina historia yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka pale kwa miguu hadi Masasi, akiwa na kundi la waliokombolewa utumwani. Hao ndio walioanzisha makazi ya Kikristo huko.

Chukulia sasa mwalimu mstaafu na mkewe muuguzi wanaotaka kwenda Kilwa. La kwanza ni kiinua mgongo. Kikiishia kwenye nauli, kodi ya nyumba na kusaidia kila anayebisha hodi, miaka inayofuata itabebwa na watoto. Ni heri mkupuo uachwe, waishi kwa pensheni ya mwezi. Isipotosha, wapunguze muda. Miezi mitatu wanayoimudu ni bora kuliko miaka miwili ya kukopa au ya kulishwa na usharika waliokwenda kuusaidia.

La pili ni afya. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Ya rufaa, Sokoine, iko Lindi mjini. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga. Anayemeza dawa za presha kila siku asiende na za wiki moja.

La tatu ni majirani. Wakazi wengi wa Kilwa ni Waislamu, na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11. Mgeni apige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, aseme wazi kilichomleta. Mama apime presha bila kuuliza dini ya mtu, akiwa na leseni hai ya uuguzi. Baba afundishe hesabu watoto wa wote. Msaada usiwe chambo.

La mwisho ndilo hurukwa: watoto waambiwe kabla tiketi haijakatwa. Mara nyingi wanaponuna si kwa sababu ya urithi. Wanajiuliza nani atamuuguza mama akiugua ugenini, na nani ataulizwa na ukoo. Wazazi wakija na majibu, yaani akiba kiasi gani, bima ipi, tarehe ya kurudi na nani atapigiwa simu usiku, hata mtoto mkaidi huanza kuuliza basi linaondoka saa ngapi.