Je, Mwalimu Afundishe Asilolielewa?

Nilipokuwa nikifundisha Sayansi darasa la sita hapa Hedaru, tulifika katika mada ya nuru. Asubuhi hiyo jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya milima ya Upare, nalo likimulika paneli ya umeme iliyokuwa juu ya paa la duka ng'ambo ya uwanja wetu. Mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, nuru inaingiaje mle ikatoka umeme?" Nikamjibu, "Hayo utayasoma sekondari." Akaketi, asiulize neno tena siku ile.

Jibu langu halikuwa la haki. Sekondari nilikwisha kupita, na sikujua.

Nilirudi vitabuni. Nikajifunza kwamba mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa nuru hufika kwa mafungu madogo yasiyogawanyika, yaitwayo kwanta. Fungu moja likipokewa na elektroni ndani ya paneli, huipa nishati ya kubanduka mahali pake. Elektroni nyingi zikisukumwa upande mmoja, umeme ndio huo. Ikiwa nishati ya fungu moja haitoshi, kuongeza wingi wa mafungu hakusaidii. Niliwapa watoto mfano wa embe lililo juu mtini: watoto mia wakirusha vijiwe visivyofika, embe halianguki, jiwe moja lifikalo latosha. Walielewa, nami nikajiona nimeshinda.

Kisha nikawaeleza jambo la pili. Tukitupa mawe mawili katika ndiva, viwimbi vyake hukutana. Mahali pengine huongezeana nguvu, pengine hufutana maji yakatulia. Nuru ipitayo katika nyufa mbili nyembamba hufanya vivyo hivyo, ikaacha mistari ya mwangaza na giza. La ajabu ni kwamba hata nuru ikipunguzwa mpaka fungu moja moja lipite peke yake, na kila fungu litue kama nukta, nukta hizo zikiwa nyingi hujipanga katika mistari ile ile. Yule mwanafunzi akasimama: "Basi, Mwalimu, nuru ni jiwe au ni wimbi?"

Safari hii nilisema, "Sijui namna ya kuichora. Hata mabingwa wa elimu hii wanabishana." Darasa halikunicheka. Mikono mingi zaidi ilinyoshwa.

Richard Feynman, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, alikiri hadharani kwamba hakuna mtu aielewaye fizikia ya kwanta. Na huyo huyo aliikokotoa kwa usahihi mkubwa. Naona, basi, kuelewa kuna namna tatu: kutumia, kama mwenye duka awashavyo taa, kukokotoa, kama afanyavyo mtaalamu, na kukiona kitu akilini jinsi kilivyo. Mbili za kwanza binadamu amezipata. Ya tatu huenda asiipate, kwa kuwa akili zetu zimelelewa na mawe na maji, na nuru si jiwe wala si maji.

Mwaka 1963, katika milima jirani ya Usambara, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza alidhihakiwa. Hakuliacha swali lake. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walilichapisha, na wataalamu wangali wakilijadili.

Ndugu mwanachuo, usiingie darasani bila kujiandaa ukijificha nyuma ya neno "sijui". Soma kwanza mpaka ufike ukingoni mwa maarifa yako, kisha waoneshe watoto ukingo huo ulipo. Mimi sasa hutenga pembe moja ya ubao kwa maswali yaliyonishinda, na sifuti mpaka lijibiwe. Swali la jiwe na wimbi lingalipo.